Mapigo ya Hortensia

Nilitaja ishirini na saba. Mapigo niliyoyahesabu yalikuwa thelathini na sita.

Naliweka hili mwanzo ili mtu asije akadhani nilikosea kuhesabu. Nina diploma ya ukaguzi wa ubora, na kwa miaka ishirini na sita kazi yangu kiwandani ilikuwa kukataa makopo ya jemu ya mapera yaliyopungua uzito. Wakubwa walinibembeleza, madereva walinisubiri malori yakinguruma, nikakataa. Kuhesabu najua.

Kikundi chetu cha mazoezi hukutana bustanini, hapa mjini Placetas, saa moja na nusu asubuhi, kila mtu akishachukua mkate wake wa mgao. Tuko kumi na wanane, wengi wamevuka sitini. Mimi mwenye hamsini na nne huitwa mtoto. Aliyenipeleka ni daktari wa mtaa. Alikuja nyumbani kunipima presha, akanikuta nimekaa kitandani nikimsubiri binti yangu Liuba anifunge kamba za viatu. "Utafungwa viatu mpaka lini, mama?" aliniuliza, wala hakungoja jibu. Baada ya miezi kumi na minne nilikuwa najifunga kamba mwenyewe, na sketi zangu za zamani zilikuwa zinanipwaya.

Osmel, mwalimu wetu, ana sheria moja. Tukimaliza sehemu ngumu anapuliza filimbi, kila mtu anashika mshipa wa mkono, anahesabu sekunde kumi na tano, kisha anataja namba yake kwa sauti mbele ya wote. Anayezidi thelathini anakaa benchi siku hiyo. Hakuna ubishi.

Hortensia, jirani yangu wa ukuta mmoja, ana miaka sitini na sita, na macho yake hayaoni tena mishale ya saa. Tangu ajiunge, mimi ndiye niliyemhesabia. Alikuwa akininyooshea mkono huku akiangalia pembeni, kama mtu anayempa mwanawe pochi amshikie.

Mwezi wa sita tulianza kujiandaa kwa onyesho la siku ya mji. Tulipangwa wawili wawili, kila wawili na duara moja la plastiki, na urefu wenu sharti ulingane. Mimi na Hortensia tulikuwa mstari wa mbele. Ambaye mwenzake yuko benchi anarudi nyuma kushika bendera. Jumatatu ya wiki ya onyesho Osmel alitangaza kwamba leo ndiyo anaandika mistari, na akishaandika habadilishi. Liuba alikuwa ameshawaalika wenzake wote wa saluni. Aliwaambia mama yake yuko mbele. Maisha yangu yote nimewahi kuwa mbele wapi?

Filimbi ikalia. Nikaushika mkono wa Hortensia. Ulikuwa na jasho la baridi. Mapigo yalikimbia, yakajikwaa, yakakimbia tena.

"Belkis?" Osmel aliuliza, kalamu mkononi.

"Ishirini na nane."

"Na pacha wako?"

Hortensia alinitazama usoni, mdomo wazi kidogo, akingoja.

"Ishirini na saba," nikasema.

"Hebu waoneni," mzee Eladio alisema kutoka nyuma. "Wanahema kama farasi wa mkokoteni, namba za wasichana."

"Wivu huo, Eladio," nikamjibu. "Wewe shika bendera yako."

Watu wakacheka, na kicheko hicho nacho nilikifurahia.

Osmel akasema turudie onyesho zima. Tulipoinua duara mara ya tatu, upande wa Hortensia ulishuka. Nilidhani amesahau hatua, nikalivuta juu. Hilo ndilo silisahau. Nililivuta kwa nguvu, na yeye akaja nalo, akaniangukia kifuani.

Nilimdaka asigonge kichwa. Nikamlaza, nikamlegeza nguo, nikamtuma Eladio mbio kwa daktari. Kwa mambo ya haraka najulikana. Hospitali walisema moyo wake hauendi kwa mpangilio, wakamlaza siku nne na kumwanzishia dawa.

Kwa siku hizo nne mtaa mzima ulinisifu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mkate walinisukuma mbele wakisema mikono hii imeokoa mtu. Osmel alinitolea mfano: mwenza ndivyo anavyotakiwa kuwa. Nami nilinyamaza. Nilijiambia nasubiri mgonjwa apate nafuu, maana habari mbaya si nzuri kwa moyo. Kilikuwa kisingizio kizuri, kimevaa hadi koti la daktari.

Ijumaa akarudi. Nilimkuta barazani kwenye kiti chake cha kubembea, nikiwa na sufuria ya supu.

"Kuku?" aliuliza.

"Kuku."

"Basi kaa, shoga yangu. Wengine wote wananiletea viazi vya kupondwa kana kwamba naota meno."

Sikukaa. "Jumatatu mapigo yako yalikuwa thelathini na sita," nikamwambia. "Nikasema ishirini na saba. Sikukosea, Hortensia. Nilitaka tubaki mbele."

Kiti kikaacha kubembea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, maana Hortensia anajua kutukana. Aliwahi kumliza fundi bomba. Nilikuwa nimejiandaa pia aseme yamepita. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nilikuwa nimechoka," alisema. "Tangu kuamka kifua kilikuwa kinanigonga. Nikaona nikiomba kukaa, Eladio atanitania na wewe utaninunia. Nikasema basi, Belkis atahesabu. Akitaja namba kubwa nitakaa, na haitakuwa mimi niliyeomba."

Nilibaki nimeshika sufuria yangu.

"Uliposema ishirini na saba nikajiona mvivu. Nikajikaza zaidi, nisije nikakuangusha."

Alisema bila hasira, kama anayejieleza kwa daktari. Ningelipa chochote ili anitukane.

"Supu weka hapo," aliendelea. "Mwanangu Rolando atapita kwako saa kumi kukushukuru. Utamwambia mwenyewe. Na mwalimu pia. Mimi sikubebei mzigo huo."

"Nitawaambia."

"Haya, nenda. Nataka kula peke yangu."

Saa kumi Rolando alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji, amebeba keki mikononi, haina kifuniko, kama tunavyobeba keki sisi, mtaa mzima ukiitazama. Krimu nyeupe, pembeni maua ya waridi, na jina langu katikati. Nilimwambia palepale mlangoni kabla hajatabasamu vizuri. Nilimwambia namba zote mbili, na sababu.

Alisikiliza hadi mwisho. Mikono ilikuwa imejaa, hakuweza hata kujipangusa jasho. Kisha akatazama keki, akatazama barabara aliyotokea.

"Imeandikwa Belkis," alisema. "Siwezi kumpelekea mtu mwingine."

Akanikabidhi taratibu isiharibike, akaondoka bila kuniaga. Mara Liuba akatoka jikoni, akaiona, akapiga makofi.

"Mama, mpaka waridi wamekuwekea. Simama hapo kwenye mwanga nikupige picha niwatumie wenzangu."

Nikamwambia aweke simu chini na akae.