Vita vya Zubeda na Mijusi Kafiri

Mke wangu Zubeda ni mwanamke mwema, ila akishika fagio heri ujifiche. Binti yetu Houda alipopata mchumba, na wakwe wakatuma salamu kwamba watakuja kuposa mwisho wa mwezi, Zubeda aliwatangazia vita wale mijusi wa ukutani. Sisi tunawaita mijusi kafiri. Jina hilo ndilo lililowaponza.

"Kafiri hatanipokelea wageni," alisema, akachapa kuta zote mpaka darini.

Jirani yetu Spès, mwimbaji wa kwaya kanisani, alichungulia dirishani. "Mama Houda, na mi niko kafiri. Nihame sasa ao nisubiri fagio?"

"We ni jirani," Zubeda akajibu kwa aibu.

"Basi sikia jirani. Iyi mijusi njo inakulaka wadudu. Ukiimaliza, nani atawapunguza?"

Zubeda alicheka tu. Mimi nilimshikia ngazi, maana napenda amani.

Mvua zilikuwa zimeanza. Baada ya muda mfupi, kwetu hakubaki mjusi hata mmoja, na kila tukiwasha taa, mbu, nondo na mende waliingia kama walioalikwa. Siku moja kabla ya posa, Zubeda alipika pilau ya majaribio. Nondo wakaanguka humo. Akaketi chini akalia: binti yake angeonekana ametoka nyumba chafu, na nyumba imesuguliwa mpaka inang'aa! Nilimhurumia sana, ingawa kicheko kilinibana mbavu.

Barazani kwa Spès mijusi walikuwa wamenona, na wadudu wa kuhesabika. Zubeda akameza kiburi, akaenda kuliomba baraza hilo. Spès alitandika mikeka mwenyewe.

Wageni walikula vizuri. Kisha mama mkwe akainua macho, akamwona mjusi karibu na taa. Akavua kandambili.

"Kafiri uyu!"

Nilifumba macho. Siku ya posa nani humpinga mkwe? Nilipoyafumbua, Zubeda alikuwa amemshika mkono.

"Apana, mama! Umwache. Uyu ni wa nyumbani."

"Mjusi kafiri, wa nyumbani?"

Zubeda alimtazama Spès, kisha mkwe wake.

"Alisilimu jana, mama."

Mama mkwe alimkazia macho, akamkazia na mjusi, ambaye wakati huo alikuwa akimeza nondo. Akairudisha kandambili mguuni.

"Mashallah," alisema. "Basi tumwache ale na yeye."