Kaburi la Jenerali Mérovil

Rais Philogène Brézault alianza kumsikia marehemu miezi miwili baada ya kuamuru apigwe risasi. Adhuhuri, joto la Port-au-Prince linapowalaza watu wote, alisikia kikohozi barazani: kikohozi kikavu cha Jenerali Mérovil Sanon, swahiba wake wa vita, baba wa ubatizo wa binti yake.

"Umesikia?" alimuuliza mkewe, Zulmé.

"Ni walinzi, baba Anaïse."

"Walinzi nimewafukuza tangu jana."

Zulmé hakusikia kitu, lakini alimwona mumewe akizidi kukonda ndani ya magwanda yake. Chanzo alikijua. Mérovil alidaiwa kuasi, akafukiwa kwenye chokaa nyuma ya ngome, bila padri wala sanda. Clorinde, mjane wake, alipokuja kuuomba mwili, alisukumwa langoni kwa kitako cha bunduki. "Nikimpa kaburi," Rais alisema, "nimewapa waasi mahali pa kukutania."

Jumamosi asubuhi Zulmé alikwenda kwa Clorinde, akamkuta anatwanga kahawa.

"Karibu, Bibi wa Ikulu. Umekuja kuangalia kama bado nalia?"

"Nimekuja kukupeleka alipo mumeo."

Clorinde aliacha mchi kinuni. "Na wako anajua?"

"Akijua atatufukia palepale. Twende."

Askari wa ngome walipomwona mke wa Rais walidhani ni amri, wakachimba wenyewe. Clorinde alimtambua marehemu kwa jino la dhahabu. Alifuta chokaa fuvuni kwa upindo wa gauni lake, taratibu, kama anayemwosha mtoto.

Walimzika kesho yake. Zulmé alitarajia waombolezaji wachache; ukaja mji mzima, wachuuzi na vikapu vyao kichwani, wapiga ngoma, wazee wakimwaga ramu ardhini. Kufika alasiri walikuwa mbele ya Ikulu wakiliita jina la Mérovil, na askari wamevua kofia.

"Ni wewe uliyemfukua?" Rais alimuuliza mkewe.

"Ni mimi."

Zulmé alingoja kofi. Mumewe akamsogelea, akanong'ona, "Alisema nini?"

"Amekufa, Philogène. Hasemi."

"Kwangu anasema. Sasa hakohoi tena. Ananiita kwa jina langu la utotoni."

Wiki haikuisha kabla jeshi halijahamia kwa waasi. Mashua ya meli ya kigeni ikaja kuwachukua Rais na mkewe, na umati ukawarushia maganda ya machungwa. Binti yao Anaïse alikuwa ametangulizwa melini. Gatini, Clorinde alimshika Zulmé mkono.

"Baki, dada. Hakuna atakayekugusa."

Zulmé alimtazama mumewe. Alikuwa amejikunyata mashuani, akimsogezea nafasi mtu asiyeonekana.

"Nikibaki, nani atakaa naye?"

"Mérovil yupo."

Zulmé alikusanya gauni lake, akashuka mashuani, akakaa ubao wa mbele, mbali na ile nafasi.