Kioo Kilichoshiba Samli

Gari lilikuwa limeshaziacha nyumba za mwisho za Issuna, na Daktari Godfrey, yule mtafiti, alikuwa bado amenuna. Mimi nilikuwa nimeomba lifti mpaka Manyoni, nikapangwa nyuma na ndoo yake ya kioo, inanuka moshi kama jiko la msiba.

Kioo chenyewe kilikuwa punjepunje. Kilikuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, vya kunasa floridi, ile inayowachafua watoto wetu meno. Shida ni kwamba ukiyeyusha unga wake uwe kioo, vitundu vinajibana. Godfrey akachanganya dawa inayotoroka kwenye moto na kuacha nafasi nyuma yake. Vitundu vikaongezeka, na maringo nayo.

Kisima cha Issuna kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya floridi hiyo. Kioo kikifaulu mbele ya maofisa wa maji, kisima kinafunguliwa. Kikishindwa, wanawake wanaendelea kuchota korongoni, bega kwa bega na ng'ombe.

Ndoo alimwachia Mama Esta, jirani wa kisima, siku moja kabla ya maofisa kuja. Shikamoo hakutoa.

"Maji usitie mpaka nije."

"Na usafi?"

"Usafi ruksa," akasema, macho kwenye simu.

Siku ya maofisa Godfrey akahutubia jinsi vitundu vinavyonasa, kisha maji yakamiminwa, yakapimwa. Floridi ile ile, ila sasa yana harufu ya moshi na samli inaelea juu.

"Mama, umefanya nini?"

"Si chombo kipya, mwanangu? Nimekifanya kama kibuyu cha maziwa. Nimekifukiza kwa makaa, nikakipaka samli."

"Umeziba vitundu vyote!"

"Ulisema vinanasa. Vimenasa."

Mzee Alute, aliyekuja kutazama, akacheka mpaka akakohoa. "Daktari, kioo chako ni kizima kabisa. Kimeshiba tu."

"Kinasafishwa kwenye tanuru maalumu!"

"Liko wapi?"

"Ulaya."

"Ungekuja nalo."

Miaka yote ya kuongeza vitundu, na hakupata dakika moja ya kumwambia mama wa watu visizibwe.

Godfrey aliandika makala kuhusu kioo na moshi, akapandishwa cheo. Maofisa hawajarudi. Mzee Alute alifariki masika. Mama Esta anachota korongoni. Mjukuu wake alilazwa kwa kuhara, akapona. Kisima kina kufuli. Mimi nilishuka Manyoni, sasa naishi kijiji cha Mitundu.