Mwanamke Ndani ya Shimo

Shimo la Germain, pale Kamatanda, lilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa: mwanamke asisogelee mdomo wake. Akisogea, wachimbaji husema, madini yanakimbia na udongo unakasirika. Kuhusu miti ya kushikilia dari hapakuwa na sheria. Élysée alifukiwa mwaka juzi kwa kukosa miti. Wakatafuta mwanamke aliyepita karibu, wamlaumu. Théodore, kabla yake, vilevile. Carlos, mchimbaji kijana wa shimo hilo, hakuwasahau. Kila asubuhi alipokuwa akishuka aliwataja moyoni, na kila asubuhi aliogopa.

Ndiyo maana alianza kushuka na ekuteri, vile visikilizi vya simu, masikioni. Kadi ya nyimbo aliazima kwa dada yake mkubwa, Fidélie, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Mwalimu wa kwaya alikuwa amemwekea humo sauti za kujifunzia pumzi. Carlos aliposikia mara ya kwanza, alicheka, akamwuliza dada yake:

"Yaya, huyu mama banamukanyaga kidole?"

"Njo opera, ile. Mule bantu banaimba mambo yao, hawaseme."

"Juu ya nini hawaseme tu?"

"Kuko mambo ukisema, banakupiga. Ukiimba, banakupigia makofi."

Kesho yake akairudia. Hakuelewa neno hata moja. Alielewa tu kwamba yule mwanamke anaogopa kitu na hataki kunyamaza. Sauti ilipanda, ikapanda tena, mpaka Carlos akasema sasa itakatika; halafu mwanamke akatulia kuvuta pumzi, na Carlos naye akavuta yake. Wiki ya pili hakuweza tena kushuka bila yeye.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mita ishirini chini, waya wa ekuteri ulinasa kwenye jiwe ukachomoka. Sauti ikajaa pango lote: sauti ya mwanamke, kali, isiyo na mwili, ikitoka kila upande wa giza.

Papa Papy, aliyekuwa akichimba tangu Carlos hajazaliwa, aliangusha nyundo.

"Mwanamuke iko mu shimo," akasema taratibu.

Wote wakakimbilia kamba. Carlos aliminya simu mfukoni mpaka sauti ikafa, akapanda wa mwisho.

Juu, Germain hakuuliza mara mbili. Yeye ndiye PDG, mkurugenzi mkuu, kama wanavyomwita mwenye shimo, ingawa ofisi yake ni kiti cha plastiki. Mbele kidogo Mama Gertrude alikaa na beseni lake la mikate ya mafuta.

"Njo huyu," Germain akasema. "Asubuhi nilimuona anapita hapa."

"Minye napita kila siku, PDG. Mikate yangu unakula kila siku. Leo njo shimo inanijua?"

Wanaume wawili wakaokota mawe. Carlos aliyatazama mawe yale, akamkumbuka mwanamke wa mwaka juzi, yule aliyesingiziwa kifo cha Élysée. Aliondoka Kamatanda na jicho moja. Carlos alikuwepo siku ile, alinyamaza. Sasa akisema, atafukuzwa kila shimo toka hapa mpaka Kakanda.

"Njo minye," akasema. "Mwanamuke iko mu telefone yangu."

Akaitoa simu, akabonyeza. Sauti ikapanda juani. Mtu mmoja akacheka. Germain hakucheka.

"Basi shuka naye, weye na bibi yako. Shimo ikinyamaza, tutaamini."

Carlos alitazama ule mdomo mweusi. Akaiweka simu kwenye ndoo, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaishusha kwa kamba polepole.

"Yeye atashuka wa kwanza. Tusikilize."

Wakasikiliza, maana kuondoka nako waliogopa. Watu kumi na wawili na PDG wao waliinamia shimo linaloimba. Mwanamke akapanda, akapanda, akatulia kuvuta pumzi. Na katika utulivu ule, ambao siku zote nyundo zingeujaza, kila mtu alisikia: kwii. Mti wa dari unalia. Mwanamke akaimba tena, akatulia tena. Kwii, na udongo ukachururika kama mchele.

"Ule muti," Papa Papy akasema. "Tulikuomba ya kubadilisha tangu Pasaka, Germain."

Hakumwita PDG.

Ardhi ikaguna chini ya nyayo zao, dari ya shimo ikaanguka. Vumbi likapuliza usoni mwao, jekundu, moto. Kule ndani ya vumbi ndoo ilining'inia, na mwanamke bado aliimba.

"Muliona?" Germain akasema. "Ameangusha shimo."

"Ameangusha wakati bantu beko juu," Mama Gertrude akajibu bila kuinuka. "Weye unaangushaka wakati bantu beko chini."

Mawe yakadondoka kutoka mikononi mwa wale wanaume wawili, moja, halafu la pili.

Wiki ile ile Germain alifungua shimo jingine hatua thelathini pembeni. Miti aliahidi. Watu wana watoto, walirudi. Carlos alisimama nyuma ya wote, akingoja kufukuzwa. Papa Papy akamsogelea na ndoo.

"Ule mama yako," akanong'ona, "iko na batri?"

Carlos akaitikia kwa kichwa. Wakamshusha mwanamke kwa ndoo. Halafu wote wakainama juu ya giza, kimya, wakingoja pale anapovuta pumzi.