Asali ya Hogla

Kuhani Malkiya aliunusa mkate wangu wa sadaka, akanirudishia.

“Mama, umetia asali. Kwani hujui asali haichomwi madhabahuni?”

“Najua tangu utotoni! Lakini nyuki wa asali hii aliwafuga binti yangu Hogla, na hii ndiyo asali yake ya mwisho. Homa ilimchukua mwezi uliopita. Nilitaka Mungu aionje kazi yake, mara moja tu!”

Akainamisha macho. “Sheria si yangu, mama. Kaule mwenyewe.”

Siku mbili nilizotembea kwa miguu, niambiwe hivyo! Nikaketi nje ya lango, nikaumega mkate kwa hasira. Ulikuwa mtamu mno. Nilipolamba kidole cha mwisho ndipo nikatambua kwamba nimemmaliza mwanangu.