Jasho la Mwanasesere

Kwiri, kwiri, kwiri. Feni ilikuwa ikilia upande wa pili wa ukuta. Mfagiaji aliijua sauti hiyo kama alivyokijua kikohozi chake mwenyewe, kwani feni ilikuwa ya stoo hii kabla Mkurugenzi wa makumbusho hajaihamishia ofisini kwake. "Kwa muda tu," alisema wakati ule.

Stoo haikuwa na dirisha. Lililokuwapo lilizibwa kwa matofali kuwakomesha wezi. Rafuni walilala wanasesere wa plastiki ya kale, vichezeo vya watoto waliokwisha kufa kwa uzee, nao walikuwa wanaoza. Walitoa jasho la manjano lililonata kama makamasi. Mashavu yalipasuka, pua zikajikunja, nywele zikagandamana na shingo. Harufu ya siki ilipanda puani ikachoma macho. Katika kasha la jirani, pini za chuma zilikuwa zimeliwa na hewa hiyo hadi zikawa unga wa kutu.

Mfagiaji alipangusa jasho lile kwa mikono mitupu. Ngozi ya vidole ilikuwa ikibambuka. Nyumbani, binti yake alikwisha kuhamia kwa bibi yake. "Mama, unanuka siki, na ukikohoa silali."

Mkurugenzi alipoingia kukagua, mfagiaji alijikaza.

"Shikamoo, bosi. Naomba ile feni irudi. Kifua kinanibana."

"Marahaba. Siki hiyo, mama. Watu wanaitia kwenye kachumbari."

Mlinzi aliyesimama mlangoni akacheka kwa sababu bosi alicheka.

"Imekula pini za chuma, bosi. Mapafu je?"

"Kwani wewe chuma?"

"Hapana."

"Basi hutapata kutu!"

Mlinzi akacheka tena, kisha akaziba pua.

"Ikikushinda, wanaoitaka kazi yako wamejaa getini," alisema Mkurugenzi. "Mheshimiwa yuko njiani. Yule mwanasesere mkubwa mpanguse, umpulizie manukato."

Mfagiaji akapuliza. Stoo ikanuka kama maiti aliyepakwa marashi.

Mheshimiwa alipofika na wapiga picha wake, Mkurugenzi alifungua kabati lenye kufuli akatoa glavu na barakoa. Wageni wakavaa. Mfagiaji aliambiwa ashike mlango.

Mheshimiwa alimwinua mwanasesere. Ute ukavutika kutoka kidevuni hadi kwenye glavu. Akajizuia kutapika.

"Mnamwekaje humu? Hata hewa hakuna!"

Mfagiaji akapata nguvu. "Ni kweli, mzee, humu..." Kikohozi kikamkaba. Mkurugenzi akasogea, akamkinga asionekane kwenye kamera.

"Tumekuwa tukililia feni, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi.

"Si naisikia inalia hapo jirani?"

"Hapo... hapo ni ofisini kwangu."

"Basi mwanasesere huyu akae ofisini kwako, mbele ya feni. Leo hii."

"Na sisi tunaobaki humu, mzee?" aliuliza mfagiaji nyuma ya mgongo wa Mkurugenzi.

"Shika mlango, mama," Mkurugenzi alimnong'oneza bila kugeuka.

Kamera zikasogea. Mheshimiwa akauinamia ule uso uliopasuka, akalainisha sauti.

"Usijali, mwanangu. Nakuahidi mbele ya watu hawa wote: hewa hii hutaivuta tena hata siku moja."