Mpaka Ardhi Ngumu

Muuguzi wa zahanati alimgusa mume wangu chini ya tumbo mara moja tu, akaondoa mkono upesi. Akatuita nje, mimi na binti yangu.

"Mama, ngiri imenasa," akasema. "Kipande cha utumbo kimebanwa, damu haifiki. Anatakiwa apasuliwe leo. Jua likizama hajapasuliwa, utumbo utaoza, na ukioza..." Sikuhitaji amalize.

Hospitali ya kumpasua iko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda na mafuriko. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo hiyohiyo. Kuzunguka kwa barabara kuu ni safari ya kulala njiani.

"Tupite mbugani," binti yangu akasema. "Kule juu mto hauna kingo, umejimwaga tu. Wenye ng'ombe wanavuka."

Mzee alikuwa ametusikia dirishani. "Mbugani, na mvua hizi? Nani ataendesha?"

"Mimi, baba."

"Basi niacheni nifie hapahapa. Angalau ni pakavu."

Mzee wangu watu humwita Greda, kwa kuwa ujana wake wote alichonga barabara kwa mashine hiyo. Binti yangu ni kitinda mimba, fundi cherehani, naye tumezoea kumwita Kitinda. Kaka zake wote walihamia mbali, ikabidi baba yake amfundishe yeye kuendesha, na kila somo liliishia kwa kununiana.

Gari lenyewe ni la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kongwe kuliko Kitinda. Greda alilinunua mnadani na alilipenda kama mtoto wa uzeeni. Lakini stata ilikuwa imekufa tangu kiangazi. Kila nikimuuliza ataitengeneza lini, jibu lilikuwa wiki ijayo. Kuliwasha ilikuwa ni mteremko au watu wa kulisukuma, ndiyo maana liliegeshwa kwenye kijilima mbele ya nyumba siku zote. Kwa hiyo watu wa zahanati walipotusukumia likawaka, tukamlaza Greda nyuma juu ya godoro, hakuna aliyelisema lakini wote tulilijua. Likizimika mbugani, pasipo mteremko wala watu, ndiyo basi.

Nilikaa mbele, nimegeuka, mkono nimeupitisha katikati ya viti nikashika kifundo chake cha mguu. Maumivu yakimjia, mguu ulikakamaa. Yakimwachia, ulilegea. Nikawa nafuata ugonjwa wake kwa kiganja.

Mwanzo wa mbuga Kitinda alivuta kile kijiti kifupi kilicho pembeni ya gia. Hicho ndicho huyaamsha magurudumu ya mbele, gari likaanza kutambaa polepole, lakini kwa nguvu.

"Gia ya kwanza," Greda akasema kule nyuma.

"Najua, baba."

"Ulijua pia siku ile ulipoingia kwenye banda la mbuzi."

"Jikaze usiongee, mzee wangu," nikamwambia.

"Nikinyamaza atatuzamisha huyu. We mtoto, fuata nyasi ndefu. Penye nyasi pana mizizi. Ukiona panang'aa kama kioo, usiende."

Tukafuata nyasi. Maji yalikuwa yanapiga chini ya gari, udongo mweusi unaruka mpaka juu ya vioo. Injini ilikuwa ikiguna, na kila ilipobadilisha mguno wake niliutazama mguu wa Kitinda juu ya mafuta. Greda alielekeza, akanyamaza maumivu yalipomjia, akaelekeza tena. Kisha akatapika. Nilimfuta kwa upande wa khanga yangu. Jasho lake lilikuwa la baridi.

Mbele yetu kikatokea kichuguu kikubwa katikati ya nyasi. Kitinda akakikwepa. Magurudumu ya mbele yalirudi kwenye nyasi, ya nyuma yakateleza penye kung'aa. Gari likakaa kitako. Kitinda akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka yenyewe, na tukashuka zaidi.

"Acha," Greda akasema kwa sauti ndogo. "Unanichimbia kaburi."

Baada ya hapo hakusema tena.

Kitinda alikandamiza klachi, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Ng'ambo niliiona ardhi inayoinuka kidogo, ya rangi ya tofali, imekauka. Haikuwa mbali kwa mtu mwenye miguu mizima. Kwetu ilikuwa ng'ambo ya bahari.

"Mama," akasema, "lazima mmoja ashuke aweke matawi chini ya magurudumu, kisha asukume. Na mmoja akae hapa, gari lisizimike."

"Nitashuka mimi."

"Mama, wewe na goti lako? Utasukuma nini?"

Hapo nikaelewa anachotaka. Mimi, ambaye katika gari lile sikuwahi kushika kitu zaidi ya kamba ya mlango.

Tulibadilishana viti kama wezi, mguu wangu juu ya klachi kabla wake haujatoka. Klachi ile ilikuwa nzito. Nilikandamiza goti kwa mikono yote miwili ili isinirudi.

"Nikigonga bodi, uachie polepole," Kitinda akasema. "Mafuta usiguse kabisa, litajivuta lenyewe. Ulivyokuwa ukimtoa mtoto ziwa akiwa amelala, asishtuke? Hivyohivyo."

"Likishtuka je?"

"Litazimika. Na likianza kutoka, mama, usisimame. Hata kidogo. Ukisimama kwenye tope hili hatutoki tena. Usisimame mpaka ardhi ngumu. Hata ukiniona nimeanguka."

Akashuka, maji yakamfika magotini. Nikamsikia akivunja matawi ya vichaka kwenye kichuguu, akihema, akiyasukumiza chini ya magurudumu. Mguu wangu ulikufa ganzi. Nilitaka kugeuka nimwangalie Greda, lakini nikigeuka goti litainuka. Mkono wangu haukufikia mguu wake tena.

"Mzee wangu," nikaita. "We Greda."

Kimya.

Kitinda akagonga bodi.

Nikaachia, polepole, nikimkumbuka yeye mwenyewe alivyokuwa akilala na meno yake mawili mapya, ukimtoa ovyo anang'ata. Gari likatikisika. Injini ikakohoa mara mbili, nami nikajua nimemuua mume wangu. Kisha ikapata pumzi. Kitu kikavunjika chini, ni matawi, na nyuma ya gari ikainuka kama ng'ombe anayeamka. Likatoka.

Likaenda. Nikaushika usukani nikaelekea kwenye nyasi. Kwenye kioo nilimwona Kitinda akitufuata mbio, mikono hewani, kisha akaanguka kifudifudi. Maji yakamfunika mgongo. Nikamtazama nione kama atainuka. Nikahesabu pumzi zangu na hakuinuka.

Mama hamwachi mtoto kwenye maji. Hilo halifundishwi shuleni. Mguu wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye breki, nikauhisi ukiigusa. Nyuma yangu alikuwepo mtu aliyenyamaza, aliye hai au aliyekwisha kufa, sikujua. Nyuma zaidi mtoto wangu ndani ya maji. Nikautoa mguu kwenye breki, nikaukunja chini ya kiti usije ukanisaliti, nikaangalia nyasi. Nilipopata ujasiri wa kutazama kioo tena, tope lilikuwa limekifunika chote.

Gari likatambaa. Lilitambaa kwa uvivu wa kukera, na mimi namsihi Mungu kwa sauti, na maji yakapungua, nyasi zikawa fupi, kisha magurudumu yakaanza kulia tofauti, mlio mkavu. Ardhi ya tofali ilikuwa chini yetu.

Na hapo nikagundua jambo. Kitinda aliniambia nisisimame mpaka ardhi ngumu. Hakuniambia nikifika nisimameje. Mguu wa klachi ulikuwa kama gogo, nilijaribu kuuinua haukunisikia. Nikikanyaga breki peke yake, injini itakufa, nao ulikuwa uwanda mtupu, tambarare kama meza. Na nikiendelea mbele namwacha mwanangu.

Nikazungusha usukani mpaka ukagoma. Gari likageuka, likajifuata mkia. Nikazunguka. Raundi ya kwanza, raundi ya pili, bibi kizee na gari lake kwenye uwanja mtupu kama punda wa kinu. Kila nilipoielekea mbuga niliitazama, naona nyasi tu na maji.

Nikazunguka tena. Nikaona kitu cheusi kinatoka kwenye nyasi kikichechemea. Kilikuwa tope tupu, lakini mwendo ule naujua, niliufundisha mimi.

"Mbona tunazunguka?" sauti ikauliza nyuma yangu, nyembamba kama uzi.

"Tunamsubiri mwanao," nikasema.

"Aa." Akapumua. "Basi zungukia upande mwingine. Huu unanibana."

Nikazungukia upande mwingine.

Kitinda alikuja akikimbia sambamba na mlango, akaufungua. "Sogea, mama."

"Sijui kusimamisha."

"Usisimamishe. Sogea tu."

Akarukia ndani na tope lake lote, akanibana hadi kiti cha pili, akashika usukani. Hakunitazama. Alirudisha kile kijiti kifupi mahali pake, akabadili gia, na gari likaanza kukimbia.

Jua lilikuwa bado halijagusa vilima tulipoingia lango la hospitali. Wakamchukua Greda kwenye kitanda cha magurudumu, akiwalaumu kwamba hawajui kukata kona. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi la mbao ukumbini. Tope la Kitinda likakauka, likawa linadondoka vipande vipande sakafuni, na mfagiaji akapita akifagia kwa makusudi mbele ya miguu yetu. Mwishowe daktari alitoka, barakoa shingoni, akatutafuta kwa macho.

"Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi," akasema. "Tukaulegeza, tukaufunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, tukangoja. Rangi ikarudi. Hatukulazimika kuukata. Mngechelewa kidogo, ningekuwa nawaambia mengine."

Alipoondoka nilichukua upande msafi wa khanga nikaanza kumfuta Kitinda sikio. Aliniacha nimfute kama mtoto.

"Nilikuona ulivyoanguka," nikamwambia.

"Najua."

"Nilikuona hukuinuka."

"Mguu wangu ulinasa kwenye mizizi. Nilipopata kichwa juu ya maji nikawatazama. Nikawa nasema, mama asigeuke, mama asigeuke, mama asigeuke."

"Nilitaka."

"Najua ulitaka," akasema, akanigeuzia sikio la pili.